Mtungi kwa Watu wa Bluu

Vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu lina harufu yake ya pekee. Si harufu ya moto wala ya uchafu. Ni kana kwamba mtu amekaanga chaki kwa mafuta ya nywele. Juzi nilikuwa hapa Biharamulo mjini, kwenye kibanda cha kijana mmoja anayechapa barua na kutoa fotokopi, nikisubiri anitolee fomu ya kusafirisha ng'ombe mmoja kutoka Keza. Mara feni ya kompyuta yake ikaanza kulia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani, na ile harufu ikanijia puani. Nikasahau fomu. Nikasahau kwamba mimi ni mama wa watoto watatu, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokisotea kwenye darasa la jioni nikiwa na mimba kubwa kama pipa. Nikawa tena mtoto wa darasa la sita, Rulenge, magoti meupe kwa vumbi, nimekalia kopo tupu la rangi mbele ya kioo, natawala sayari nzima.

Basi sogeeni niwasimulie jinsi nilivyopata kuwa mtu mwovu kuliko wote angani.

Kompyuta ilikuwa ya Kaka Revo, Revocatus kwa ubatizo, kijana wa Katekista Anselimi. Aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga shughuli zake, akaileta nyumbani juu ya pikipiki ameipakata kama bibi harusi. Baba yake akampa chumba cha nje walichokuwa wakihifadhia maharage, na juu ya bati lake ikafungwa paneli ya sola kubwa kama mlango wa kanisa. Asubuhi Revo alichaji simu za kijiji kizima. Alasiri, betri zikishashiba jua, alituwashia gemu. Malipo yalikuwa maji: ndoo moja kutoka chemchemi, nusu saa kwenye kopo la rangi. Likizo ile nyumba ya Katekista ilikuwa na maji mengi kuliko Mto Ruvubu, na mimi shingo yangu ilizama mabegani, haijarudi juu mpaka leo.

Gemu lilikuwa moja tu. Lilikuwa na jina la Kiingereza ambalo hakuna aliyejisumbua nalo. Sisi tuliliita Mbinguni. Ulipewa sayari moja tupu. Ukachimba madini, ukalima, ukaunda meli za kupita angani, ukafanya biashara na majirani zako, ambao wengine walikuwa na magamba na wengine jicho moja. Sayari yangu niliiita Murukulazo, kwa kuwa ndiko mama alikozaliwa, na nilitaka siku moja nimwambie kwamba kwao kumefika mbinguni. Ndani ya wiki tatu Murukulazo yangu ilikuwa na watu kuliko mkoa wote wa Kagera, na wote walikuwa na viatu.

Pembeni mwa kioo palikuwa na mshale. Juu yake palikuwa peupe, chini peusi, katikati rangi ya majivu. Kila ulichofanya mashine ilikiona: ukitenda wema mshale unapanda, ukidhulumu unashuka. Mshale huo ndio uliookoa gemu lenyewe, maana Katekista alikuja siku ya kwanza na fimbo, akiwa amesikia kwamba mwanawe anafundisha watoto mambo ya shetani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa koti la kahawia lisilovuliwa hata jua la saa saba. Revo akamwonyesha mshale.

"Ukidhulumu, baba, unashuka."

Katekista akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Hata ukidhulumu kwa siri?"

"Hata kwa siri."

"Basi hiki ni kipindi cha dini," akasema, na fimbo akaiegemeza ukutani.

Lakini alituwekea sheria. Mtoto ambaye mshale wake ungeingia weusini angetoka kwenye chumba kile kwa likizo nzima, na sayari yake ingefutwa yote, kama magugu. Tukaapa.

Mpinzani wangu alikuwa Masanja. Familia yao ilikuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakajenga bondeni chini yetu, na sayari yake iliitwa Shinyanga Mpya. Huyo alizaliwa mchuuzi. Palikuwa na sayari moja iliyokauka, watu wake ndimi nje. Masanja akawauzia maji kwa dhahabu yao yote, halafu akawauzia ndoo. Mshale wake ukatikisika kidogo, ukakaa kwenye majivu. Mashine iliita hiyo biashara. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mimi jirani zangu walikuwa Watu wa Bluu. Maskini wale. Jicho moja, miguu mitatu, na hawakuwa na meli hata ya kuendea jirani kuomba chumvi. Siku moja nikawapa meli tano, bure. Mshale wangu ukaruka juu ukagonga ukingo, kengele zikalia kwenye spika, na Katekista alipopita akachukua chaki akaandika mlangoni: EDITHA, MWEUPE. Nilitembea kijijini kama nimepakwa mafuta matakatifu. Masanja akasema kwamba hata kunguru ana weupe shingoni.

Kisha ikaja dhoruba ya nyota. Ilipiga karakana yangu ya kuundia meli, ikateketeza na meli zote zilizokuwamo. Mashamba yangu yalikuwa upande mmoja wa anga na watu wangu upande mwingine, na bila meli hakuna chakula kinachovuka. Chini ya kioo pakatokea maandishi mekundu, na idadi ya watu wangu ikaanza kupungua mbele ya macho yangu. Wakati huo Watu wa Bluu walikuwa wameendelea. Zile meli tano zilikuwa zimewazalia nyingine; nilizihesabu zikipita juu ya sayari yangu, arobaini na kitu, hazitui.

Nikasubiri wajue wenyewe. Nikasubiri ndoo nne za maji.

"Editha, raia wako wanakula mawe," Masanja akaniambia sikioni.

"Wavumilie."

"Si ununue meli? Dhahabu unayo."

"Ninunue ndama wa ng'ombe wangu mwenyewe?"

Hapo inabidi niwaeleze jambo, kwa wale ambao hawakulelewa kwetu. Kwetu ng'ombe akitolewa hajaisha. Ukimpa mtu mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, umempa undugu. Mtamba huyo atazaa, na watoto wake watazaa, na siku moja aliyepewa atamrudishia mtoaji ndama jike mmoja, na undugu utakuwa umefungwa fundo la pili. Akichelewa, mtoaji haendi kudai. Kudai ni matusi, na kununua ni matusi makubwa zaidi, maana ni kusema undugu umekwisha, tuuziane kama watu wa mnadani. Mtoaji anakwenda na mtungi wa rubisi. Wanakaa, wanavuta ile pombe ya ndizi kwa mirija, wanamsifu ng'ombe, wanayasifu hata majani anayokula. Mwisho kabisa, akiwa amesimama kuaga, ndipo anasema kama mtu aliyekumbuka kofia: hivi yule ndama. Na anapewa. Babu yangu alinichukua mara mbili kwenye safari hizo nimbebee mirija. Nilijua mwendo wake wote.

Kwa hiyo nikamwita Revo. Vitufe vilikuwa vya Kiingereza na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

"Hiki nunua," akaonyesha. "Hiki uza. Hiki toa bure. Hiki cha mwisho, dai."

"Cha kwenda na mtungi kiko wapi?"

Revo akacheka mpaka akashika betri. "Hicho hakipo."

Nikafikiri. Mtoto wa darasa la sita akifikiri sana anatoa mvuke, nanyi mngeuona. Nikakusanya shehena yangu ya mwisho ya mtama, ile niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya mbegu, nikawatumia Watu wa Bluu kwa kitufe cha kutoa bure. Huo ndio ulikuwa mtungi wangu. Wakaupokea, mfalme wao akapepesa jicho lake moja kwa furaha. Nikangoja kidogo, muda wa mtu kunywa. Ndipo, kwa adabu zangu zote, nikabonyeza kitufe cha nne, nikaomba meli moja. Moja kati ya arobaini.

Wakaitoa. Meli ikaja, chakula kikavuka, watu wangu wakala. Nilishangilia peke yangu, maana wenzangu walikuwa wakitazama pembeni mwa kioo. Mshale wangu ulikuwa unaanguka. Ulipita weupe, ukapita majivu, ukazama chini kabisa, na spika zikatoa muziki kama wa msafara wa maziko. Revo akasoma maandishi, sauti imepungua: "Umewanyang'anya wanyonge." Majirani zangu wote, wenye magamba na wasio na magamba, wakafunga milango ya biashara siku hiyohiyo.

Masanja alikaa chini sakafuni ili apate nafasi ya kucheka. "Jambazi la mbinguni," alisema, na jina hilo lilinifuata mpaka kisimani.

Revo hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha njia. Gemu lilikuwa na kitufe cha kutubu: unarudisha ulichochukua, unaomba radhi, mshale unapanda tena. Jumamosi baba yake angekuja kukagua, na hadi siku hiyo kila kitu kingekuwa kimesafishwa.

"Bonyeza hapo, mdogo wangu. Kidole kimoja tu."

"Niombe radhi ya nini?"

"Ya kunyang'anya."

"Sikunyang'anya."

"Mashine inasema umenyang'anya."

"Mashine haikulelewa."

Hata Masanja alinionea huruma. "Wewe bonyeza. Mimi wiki hii nimetubu mara nane. Nikimaliza nauza maji tena."

Sijui kama mnaelewa kilichokuwa pale. Sayari ile ilikuwa wiki tatu za shingo yangu. Ilikuwa kitu pekee ambacho mtoto wa tano katika nyumba ya watoto saba alikuwa nacho bila kugawana na mtu. Kuifuta kungekuwa kama kuichoma moto Murukulazo yenyewe ya mama na wajomba zangu ndani. Na kilichotakiwa ni kidole kimoja. Nilikitazama kitufe kile siku mbili. Kila nilipokaribia, nilimwona babu na mtungi wake, marehemu yule, amesimama mlangoni kwa mtu anaaga, na mtu anamwita mwizi.

Jumamosi Katekista alikuja moja kwa moja kutoka kufundisha ubatizo, koti limefungwa vifungo vyote. Chumba kilijaa watoto mpaka dirishani.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Editha. Nasikia umeanguka."

"Sijaanguka. Nimesukumwa."

Watoto wakaguna. Yeye akatazama mshale, akatazama jina langu la chaki mlangoni. "Revo ananiambia njia ya kutubu ipo, na umeikataa."

"Ndiyo, Katekista."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Meli tano, meli arobaini, mtama wa mbegu, meli moja. Nilieleza kwa mikono yote miwili. Nikasema kwamba Masanja amemkamua mwenye kiu dhahabu yake yote na mshale wake uko salama kwenye majivu. Mimi nimekwenda na mtungi kwa ndugu zangu na nimeitwa jambazi. Masanja, ambaye sikumtegemea hata kwa kiberiti, akadakia kutoka sakafuni: "Hilo kweli, Katekista. Kwetu sisi ng'ombe unayemtunzia mtu ni wake mpaka mwisho. Kwetu angechukua meli zote tano na hizo arobaini."

Na mimi, nikiwa nimepata upepo, nikaongeza lile neno. Wallahi nililisema kwa nia njema, nikidhani namkumbusha jambo analolijua vizuri.

"Babu yangu si alikupa Bihogo? Alipokuja kwako na mtungi, ulimwita mnyang'anyi?"

Bihogo alikuwa ng'ombe wake mwekundu, kila mtoto alimjua. Hata bibi yangu akimkuta njiani alimsalimia kwa jina. Nilitegemea Katekista atabasamu. Badala yake alishika kifungo cha juu cha koti lake, akakizungusha, akakizungusha, mpaka nikadhani kitatoka. Revo aligeuka akawa anakagua nyaya za betri ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Bonyeza, Editha," Katekista akasema mwishowe, sauti imekauka. "Bonyeza tuyamalize."

"Siwezi kuomba radhi ya ndama wangu, Katekista."

"Futa," akamwambia mwanawe.

Revo akafuta. Murukulazo ilikwenda kipande kwa kipande: kwanza mashamba, kisha nyumba, kisha wale watu wangu wenye viatu. Mwisho ukabaki mshale peke yake kwenye giza, chini kabisa, weusini, halafu nao ukazimika. Sikulia. Nilichukua ndoo yangu, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeshalipa maji na sikuwa nimecheza, nikaingia jikoni kwa mama Revo nikayamimina tena kwenye ndoo ile ile, nikaondoka nayo kichwani. Maji yangu. Watoto walinipisha njia kama mimi ni askofu.

Baada ya siku nane, mama akiwa uani anamenya ndizi, tuliona koti la kahawia likipanda kilima. Nyuma yake alikuja Revo anakokota mtamba mwekundu kwa kamba. Lakini kilichomfanya mama aangushe kisu ni kwamba mtungi wa rubisi Katekista aliubeba mwenyewe kichwani, mtu mzima yule, mirija inachungulia kama nywele zisizochanwa. Kwa desturi mtungi haukuwa wake kuubeba. Bibi akatoka, akamtazama mtamba, akamtazama Katekista, akachukua mrija wa kwanza.

"Umekumbuka," akasema. Basi. Wakakaa, wakamsifu ng'ombe, wakayasifu majani. Hakuna aliyelitaja gemu, na mimi hakuna aliyenitazama.

Nilidhani ameshawishika na hoja zangu. Miaka mingi nilijiona wakili. Mpaka nilipokwenda darasa la jioni hapa Biharamulo, nikakuta mwalimu wa kompyuta ni nani kama si Revo, kipara kimeanza, chaki mfukoni. Tukiwa mapumziko, tunakula karanga, akaniambia jambo ambalo mtoto wa darasa la sita hangelijua.

Babu hakuwahi kwenda na mtungi kwa Katekista. Alifariki kabla. Baada ya maziko hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekwenda, maana baba alikuwa huku Biharamulo kutafuta maisha, na bibi alikuwa na msimamo kwamba mtu hakumbushwi na wajane. Bihogo alipozaa, Katekista alisema kila mara ni dume. Lakini mmoja alikuwa jike.

"Unajua yule jike alikwenda wapi?" Revo akaniuliza.

"Wapi?"

"Juu ya bati."

Sikuelewa. Akanyoosha kidole juu, kama vile bado tuko kwenye kile chumba cha maharage. Yule jike aliuzwa, ikanunuliwa paneli ya sola.

Nilicheka mpaka karanga zikapitia puani. Fikirieni. Likizo nzima nilibeba maji kulipia umeme wa ndama wetu. Murukulazo ilikuwa inawaka kwa ng'ombe wa babu, nami nikaambiwa nishuke kwenye kopo kwa sababu nimeomba changu.

"Mzee hakuwa anaifuta sayari yako," Revo akasema. "Alikuwa hawezi kuitazama." Akatafuna kidogo. "Sasa nawe ni mtu mzima. Leo ungebonyeza?"

Nilimwambia kengele imelia, turudi darasani.

Yule mtamba nilimwita Bluu, ingawa alikuwa mwekundu kama udongo wa Ngara, na watu wa mnadani hawajaacha kuuliza nina tatizo gani la macho. Alizaa vizuri. Masanja alipooa na kuhamia Keza, nilimpelekea mjukuu wa Bluu, jike safi, nikiwa na madaha kama malkia. Ni miaka sita sasa. Nasikia zizi lake limejaa, na nasikia pia kwamba anatoa visingizio kuhusu madume. Rubisi yangu imeiva, Jumatano nakwenda.

Ndiyo maana nilikuwa kwenye kile kibanda. Kijana akanipa fomu ikiwa bado ya moto. Palikuwa na mstari wa sababu ya kusafirisha mnyama, na viboksi vitatu vya kutia tiki: kununua, kuuza, kuchinja. Nikasoma mara mbili. Nikachomoa kalamu kwenye nywele zangu, nikachora kiboksi cha nne chini yake, kikubwa kuliko vile vitatu, nikakitia tiki.

"Mama," yule kijana akasema, "hicho hakipo kwenye fomu."

"Sasa kipo," nikamwambia. "Nitolee kopi tano."